Mbwa mdogo mzee anayechechemea: namna ya kumsaidia nyumbani, hatua kwa hatua

Baridi ya Juni ikishaingia Arusha, maswali huwa ni yale yale. Mbwa anachelewa kuamka. Anafika kwenye ngazi ya baraza, anasimama, anaitazama tu. Nimpe diklofenaki? Nimchue na dawa ya misuli? Au ni uzee tu, nimwache?

Usimwache. Mbwa mdogo wa miaka 10 anaweza kuishi hadi 14 au zaidi, na miaka hiyo yote si lazima aipitishe kwa maumivu. Mwongozo huu ni wa mbwa wa kilo 3 hadi 10: Spitz, Maltese, Chihuahua, Jack Russell, Dachshund, na machotara wao waliojaa mitaani kwetu. Yabisi ya viungo haiponi. Gegedu (ile nyama laini inayokinga ncha za mifupa) lililokwisha kwenye nyonga au goti halirudi. Kinachowezekana ni kupunguza maumivu na kumrudishia mwendo, na sehemu kubwa ya kazi hiyo iko sakafuni na kwenye bakuli lake la chakula kabla hujafika kwenye dawa.

Mbwa mwenye viungo vibovu halii. Wengi husubiri kilio, na kilio hakiji. Angalia haya: anajinyoosha muda mrefu kabla ya kutembea, hatua za kwanza ni ngumu kisha analainika, anakaa kwa kuegemea upande mmoja, haruki tena kwenye kochi, analamba goti au kifundo kile kile kila siku, anamng'akia mtoto akimbeba. Mapaja ya nyuma yakianza kukonda ilhali tumbo linanenepa, tatizo ni la muda mrefu.

Andaa hivi kwanza

- Mizani ya bafuni, ya kidijitali ikiwezekana
- Kipimajoto cha kidijitali (kiwe cha mbwa peke yake, kiandike kwa kalamu ya wino mzito)
- Futi kamba
- Mazulia au mikeka yenye mpira chini, na utepe wa gundi wa pande mbili
- Kipande cha sponji ngumu ya inchi 4, karibu sentimita 60 kwa 50
- Turubai jepesi au nailoni nene ya kufunika sponji
- Plaiwudi ya milimita 12 kwa ajili ya ubao wa kupandia
- Kikata kucha cha mbwa, mkasi wenye ncha butu, na unga wa ngano kidogo
- Mkanda wa kifuani badala ya kola ya shingo
- Kanga au kitenge kimoja kizee
- Daftari

Mazulia ya mtumba utayapata soko la Memorial kama uko Moshi, au soko la Kilombero kwa Arusha. Sponji waulize mafundi wa sofa, huwa wana mabaki. Bonyeza kwa ngumi: ukigusa meza iliyo chini yake, ni laini mno, acha.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli ni viungo

Hapa ndipo makosa mengi huanzia. Mbwa wa kwetu anayechechemea anaweza kuwa na mambo mengine kabisa, na baadhi yanatibika kwa siku chache.

Anza na nyayo. Mlaze kwenye mwanga, tenganisha vidole kimoja kimoja. Tafuta mwiba, ukucha uliojikunja ukachoma nyama, na funza. Funza huonekana kama doa jeupe lenye nukta nyeusi katikati, hasa kando ya kucha na kwenye mito ya nyayo. Mbwa anayelala kwenye vumbi la banda huwapata sana wakati wa kiangazi.

Kisha pima joto. Paka kipimajoto mafuta ya kupaka, ingiza sentimita mbili kwenye njia ya haja kubwa, subiri kilie. Kawaida ya mbwa ni nyuzi 38.3 hadi 39.2. Zaidi ya 39.5, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Magonjwa ya kupe huvimbisha viungo, na mbwa huchechemea leo mguu huu, kesho ule. Kipimo cha damu ndicho kinachotenganisha hilo na yabisi ya uzee, na dawa yake ni tofauti kabisa.

Hali mbili hazingoji kesho:

- Mbwa aliyekuwa anatembea asubuhi, jioni anaburuta miguu ya nyuma. Hiyo mara nyingi ni pingili za mgongo, na Dachshund ndio waathirika wakubwa. Usimchue, usimnyooshe. Mlaze juu ya ubao mpana na umbebe hivyo hivyo hadi kwa daktari. Kila saa ina maana.
- Mbwa ambaye hajachanjwa, amelegea miguu ndani ya siku chache, sauti imebadilika, anashindwa kumeza, mate yanamtoka. Usitie mkono mdomoni kutafuta mfupa. Mfungie alipo, zuia watoto, piga simu kwa daktari wa mifugo: hiyo inaweza kuwa kichaa cha mbwa. Aliyeng'atwa au kuguswa na mate kwenye kidonda aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali papo hapo.

Ukimpeleka kwa daktari, chagua anayetibu mbwa mara kwa mara. Mtaalamu wa mifugo wa kata anajua ng'ombe na mbuzi vizuri, lakini kupapasa goti la mbwa wa kilo 4 ni ujuzi mwingine. Kwa mbwa wadogo goti linastahili kuangaliwa peke yake, maana kilegesambwa chao (kifupa cha mbele ya goti) huchomoka na kurudi. Dalili yake: anakimbia, anaukunja mguu wa nyuma hatua mbili tatu, halafu anaendelea na safari kama hakuna kilichotokea.

Hatua ya 2: Pata pa kuanzia

Simama kwenye mizani ukiwa umembeba, andika. Simama peke yako, andika. Toa. Rudia mara tatu, uchukue namba ya katikati, kwa sababu mizani ya bafuni huyumba na kwa mbwa wa kilo 5 gramu 300 si kitu kidogo.

Mrekodi kwa simu akitembea kutoka pembeni, halafu akiondoka kwako, halafu akiamka kutoka kulala. Sekunde 20 kila moja, mahali pale pale, asubuhi. Rudia kila mwezi. Bila video utajidanganya, maana mabadiliko ya polepole macho ya nyumbani huyazoea.

Hatua ya 3: Sakafu

Ukiwa na nguvu ya kufanya jambo moja tu wiki hii, fanya hili. Marumaru, na sakafu ya saruji iliyopigwa niru na kupakwa polishi nyekundu, ni adui wa mbwa huyu. Kila hatua miguu inateleza nje kidogo, naye anakaza misuli yote ili asianguke. Jioni amechoka na ana maumivu kuliko alivyoamka. Wengi hulaumu baridi, kumbe ni polishi ya Jumamosi.

1. Mfuate kwa siku moja uone njia zake: kitandani hadi kwenye maji, maji hadi mlangoni, mlango hadi anapojisaidia.
2. Tandika njia hizo tu. Huna haja ya kufunika sebule nzima. Upana wa sentimita 50 unatosha.
3. Acha nafasi isiyozidi urefu wa mbwa mwenyewe kati ya zulia na zulia. Zikiwa mbali zaidi ataruka kutoka moja hadi jingine, na kutua ndiko kunakomuumiza.
4. Bandika kingo kwa utepe wa pande mbili. Zulia linaloteleza ni baya kuliko marumaru tupu.
5. Weka kipande chini ya bakuli la chakula. Mbwa huinama na kutanua miguu ya mbele akila, na hapo huteleza sana. Bakuli lenyewe liinue hadi usawa wa kiwiko chake. Kopo pana lililojazwa mchanga linafaa kama stuli.
6. Mwambie anayefanya usafi asipake polishi kwenye njia za mbwa. Mwambie mwenyewe, kwa mdomo, na umwonyeshe njia zenyewe.

Ile mikeka ya sponji ya watoto inayoungana kama fumbo ni mizuri, inafutika kwa urahisi. Mikeka ya majani ndiyo usitumie: juu ya marumaru inateleza, na kucha hunasa humo.

Hatua ya 4: Kucha na nywele za nyayo

Mbwa asiyetembea sana kucha hazisagiki. Zikigusa sakafu akiwa amesimama, vidole husukumwa juu na kila kiungo kilicho juu yake hukaa vibaya.

Kata kidogo kidogo, milimita moja moja, kila wiki. Ukucha mweupe utaona mshipa wa waridi ndani; acha milimita 2 kabla yake. Ukucha mweusi, tazama sehemu iliyokatwa: ukiona kidoa cha kijivu katikati, simama hapo. Ukikata mshipa, bonyeza unga wa ngano kwenye ncha kwa dakika mbili au tatu. Damu inatisha ila inakatika.

Spitz na Maltese huota nywele katikati ya mito ya nyayo. Zikate ziwe sawa na mto wenyewe, kwa mkasi butu. Bila hivyo mazulia yote uliyotandika hayatamsaidia.

Hatua ya 5: Kitanda na baridi

Alfajiri ya Julai joto la Arusha hushuka hadi nyuzi 12 au 13, na ukipanda kuelekea Ilboru ni chini ya hapo. Moshi mjini ni pole, lakini Kibosho, Machame na Marangu ni habari nyingine. Mbwa wa kilo 4 hana mwili wa kuhifadhi joto. Banda la nje kwenye sakafu ya saruji si mahali pake tena. Aingie ndani, hata kama ni stoo au jikoni.

1. Weka chaga au mbao mbili chini ili kitanda kisigusane na saruji.
2. Juu yake sponji ya inchi 4. Usiongeze hadi inchi 8: mbwa mdogo atashindwa kuipanda na kushuka.
3. Funika sponji kwa turubai, lizibwe kwa chini. Mbwa mzee atakojoa siku moja, na sponji iliyonyonya mkojo haikauki Julai.
4. Juu, blanketi au shuka la Kimasai linalofulika. Uwe nayo mawili.
5. Kingo za pande tatu zikinge upepo, upande wa nne uwe wazi kabisa. Asilazimike kuvuka ukingo.
6. Usiku wa baridi kali, jaza chupa ya nusu lita maji ya moto ya kuoga, yasiyochemka, ifunge vizuri, izungushie taulo, iweke upande mmoja wa kitanda ili aweze kuikwepa.

Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa usiliwashe kwa ajili yake. Moshi wake usioonekana huua mbwa na watu.

Hatua ya 6: Ubao wa kupandia

Ngazi moja ya baraza ya sentimita 17 ni sawa na bega la Chihuahua. Kanuni ya urefu: pima kimo cha ngazi, zidisha kwa 4. Sentimita 17 inakupa ubao wa 68. Nafasi ikibana zidisha kwa 3, lakini usishuke hapo, kwani mteremko ukiwa mkali uzito wote huangukia miguu ya mbele wakati wa kushuka.

1. Kata plaiwudi ya milimita 12, upana sentimita 30.
2. Ikizidi mita moja, weka mbao mbili za inchi 2 kwa 2 chini yake kwa urefu. Ubao ukinesa mara moja tu akiwa juu, hataupanda tena.
3. Pigilia kingo za sentimita 4 kila upande.
4. Bandika kapeti juu kwa gundi, pindua mwisho wake chini, kazia kwa skrubu zilizozama. Misumari inayochungulia itachana nyayo. Pitisha kiganja chako kote kabla ya kumpa.
5. Piga randa ncha ya juu ikae mshazari, isiache kijukwaa cha kujikwaa.
6. Ncha ya chini bandika kipande cha mpira wa tyubu ya tairi ili ubao usirudi nyuma.

Kama nyumba ni yako, mwite fundi mwashi akutengenezee mteremko wa saruji wa kudumu. Kipimo ni hicho hicho. Ila sema mapema: *asipige niru*. Apitishe ufagio mgumu juu ya saruji mbichi, kwa kukatisha mteremko, ibaki mikwaruzo. Mafundi hupenda kazi iliyong'aa, na wewe unataka isiyong'aa.

Kumfundisha: siku mbili za kwanza ubao ukae chini, bapa, umwekee vipande vya kuku juu yake. Kisha inua ncha moja juu ya kipande cha mbao cha sentimita 5. Akizoea, weka mahali pake. Usimvute kwa kamba.

Kwa sofa, ukweli ni kwamba ubao wa kimo cha sentimita 45 unahitaji karibu mita 1.8 na unameza sebule. Ni afadhali umshushie kitanda kizuri karibu na miguu yako na uzibe sofa kwa mito. Atalalamika wiki moja.

Hatua ya 7: Uzito

Pitisha vidole kwenye mbavu bila kubonyeza. Ukizihisi kwa urahisi chini ya ngozi, yuko sawa. Ukilazimika kuzitafuta, amezidi. Mtazame kutoka juu: lazima kiuno kionekane nyuma ya mbavu. Kupunguza hata asilimia 6 ya uzito huonekana kwenye mwendo, na kwa mbwa wa kilo 6 hiyo ni gramu 360 tu.

Mbwa anayetakiwa kuwa na kilo 5, ukitaka apungue, mpe takriban kilokalori 230 kwa siku, vitafunwa vikiwemo. Chakula kikavu cha dukani mara nyingi kina kilokalori 3,500 hivi kwa kilo (soma mfuko), kwa hiyo ni gramu 65, theluthi mbili za kikombe. Kidogo kuliko watu wanavyodhani. Gawa mara mbili.

Anayekula chakula cha nyumbani, punguza ugali au wali kwa nusu, na nafasi yake weka boga, karoti au maharage machanga ya kijani yaliyochemshwa bila chumvi. Nyama usiipunguze: kuku asiye na mfupa, nyama isiyo na mafuta, yai, au dagaa waliolowekwa na kuoshwa mara mbili kutoa chumvi na mchanga. Mbwa mzee akikosa protini hupoteza misuli, na misuli ndiyo inayobeba kiungo kibovu. Mchuzi wenye kitunguu au kitunguu saumu usimpe kabisa. Mifupa ya kuku iliyopikwa vivyo hivyo.

Lengo ni kupungua asilimia 1 hadi 2 ya uzito kwa wiki. Mpime kila baada ya wiki mbili. Asipopungua, kabla hujakata chakula zaidi, muulize mlinzi, dada wa kazi na watoto. Mbwa wengi wanene wa mjini wanalishwa na watu watatu ambao hawaambiani.

Mafuta ya samaki yenye omega-3 husaidia kidogo kidogo, baada ya wiki 6 hadi 8. Kidonge cha miligramu 1,000 mara nyingi hubeba miligramu 180 za EPA na 120 za DHA, ambazo ndizo omega-3 zenyewe. Kwa mbwa wa kilo 5, anza na kimoja kila baada ya siku moja, ukitoboe juu ya chakula, na wiki ya pili iwe kila siku kama hajaharisha. Soma kopo vizuri: mafuta ya *ini* la samaki, yale wanayopewa watoto, yana vitamini A na D nyingi na hayafai kwa kazi hii.

Hatua ya 8: Mwendo wa kila siku

Kumlaza siku nzima "apumzike" ni kosa la huruma. Kiungo kisichotumika hukakamaa.

Kabla ya kutoka, kanda nyonga na magoti kwa taulo lililolowekwa maji ya vuguvugu na kukamuliwa, dakika 10. Lijaribu kwanza ndani ya kiwiko chako. Kisha kunja na kunjua kila mguu taratibu mara 10, akiwa amelala ubavu. Akigeuza kichwa kukutazama au akivuta mguu, umefika mwisho.

Tembeeni dakika 5 hadi 10, mara mbili au tatu kwa siku, umbali ule ule Jumatatu na Jumapili. Safari moja ndefu ya wikendi humlaza siku mbili. Miezi ya baridi ngoja saa 3 asubuhi jua lishike. Moshi ya Januari na Februari geuza ratiba, toka saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Tembea kwenye majani au udongo ulioshikana. Tope la masika na kokoto za barabara za mitaani kaa nazo mbali.

Nyumbani, mkalishe na umwinue kwa kipande cha chakula mara 3 hadi 5, juu ya zulia, mara mbili kwa siku. Zoezi hili hujenga mapaja kuliko matembezi.

Akilegea nyuma, kunja kanga iwe upana wa sentimita 10, ipitishe chini ya tumbo karibu na miguu ya nyuma, shika ncha mbili juu ya mgongo. Unamsaidia kubeba uzito, humnyanyui. Dume, hakikisha haibani uume, vinginevyo hatakojoa. Fundi cherehani atakushonea yenye mishikio kwa muda mfupi.

Hatua ya 9: Dawa

Sasa lile swali la kwanza. Diklofenaki: hapana. Ibuprofeni: hapana. Kwa mbwa hizi hutoboa tumbo na kuharibu figo. Panadol nayo usimpe mwenyewe: kidonge kimoja cha miligramu 500 kwa mbwa wa kilo 5 ni miligramu 100 kwa kila kilo, kiwango ambacho ini linaweza kuharibika. (Paka hata kipande kidogo kinaweza kumuua.) Dawa za kuchua za binadamu pia ziache, maana mbwa atailamba yote.

Dawa ya maumivu ya viungo inayotumika sana kwa mbwa ni meloksikamu. Daktari huanza na miligramu 0.2 kwa kilo siku ya kwanza, halafu 0.1 kwa kilo mara moja kwa siku. Fanya hesabu: mbwa wa kilo 5 anahitaji nusu miligramu. Kidonge cha binadamu cha famasi ni 7.5. Kidonge hicho kimoja ni dozi ya siku 15, na ukikikata robo bado umemzidishia karibu mara nne. Ndiyo maana anahitaji ile ya maji ya mbwa, inayopimwa kwa bomba la sindano, na ndiyo maana daktari lazima ajue uzito wa leo, si wa mwaka jana.

1. Omba vipimo vya damu vya figo na ini kabla ya dawa ya muda mrefu, na kila baada ya miezi sita.
2. Toa dawa pamoja na chakula, saa ile ile. Asipokula, usimpe.
3. Maji yawepo muda wote.
4. Andika jina la dawa, kiasi na tarehe kwenye daftari. Kila sindano pia. Usikubali sindano isiyo na jina.
5. Sababu ya hilo ni dexa (deksamethasoni, dawa ya steroidi kama prednisolone). Mbwa akichomwa dexa anasimama kesho yake na kila mtu anafurahi. Lakini dexa au prednisolone pamoja na meloksikamu huweza kutoboa tumbo. Kati ya moja na nyingine daktari huacha siku kadhaa, mara nyingi 5 hadi 7, na hawezi kuzihesabu kama hajui kilichochomwa.

Acha dawa mara moja na upige simu akitapika, akigoma kula, au kinyesi kikiwa cheusi kama lami.

Dawa ya kupe ya kuogeshea ng'ombe nayo isiguse mbwa huyu. Kosa dogo la kuchanganya linaweza kumuua mbwa wa kilo 4.

Mambo yakienda kombo

*Anateleza bado juu ya zulia.* Nywele za nyayo, au kucha. Rudi hatua ya 4.

*Amekuwa vizuri wiki mbili, ghafla amerudi nyuma.* Mara nyingi alijisikia nafuu akaruka kutoka kwenye kochi au gari. Siku tatu za matembezi ya kujisaidia tu, kisha anza upya na nusu ya muda. Asipopata nafuu siku ya nne, daktari.

*Anakojoa kitandani.* Tazama kama anajua. Akiamka na kushangaa, apimwe mkojo na figo. Akiwa anajaribu kutoka anachelewa, sogeza kitanda karibu na mlango na umtoe mara ya mwisho saa 4 usiku.

*Haamki asubuhi ila mchana yuko sawa.* Ni baridi au kitanda. Muulize daktari pia kama dawa inaweza kuhamishiwa jioni.

*Anazunguka na kulia usiku.* Si lazima iwe maumivu. Macho, masikio na akili huzeeka pia. Acha taa ndogo, usihamishe samani.

*Anapindua nyayo na kukanyaga kwa mgongo wa vidole.* Hilo ni la mishipa ya fahamu. Aonwe ndani ya siku moja au mbili, na wakati huo mvalishe soksi nene ya mtoto nje ya nyumba ili asichubuke.

*Anamng'ata anayembeba.* Mbebe kwa mkono mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya makalio, mgongo ukiwa umenyooka. Watoto waache kumbeba kabisa.

*Dawa imepandishwa, sakafu iko sawa, uzito umeshuka, na bado hawezi.* Kwa wiki mbili andika kila jioni: amekula? amejisaidia mbali na kitanda? amekuja kukupokea? Siku mbaya zikizidi nzuri, mpelekee daktari daftari hilo na mzungumze kuhusu kumlaza kwa sindano, afe bila maumivu. Omba apewe kwanza dawa ya usingizi, ndipo sindano ya mwisho. Uliza dawa iliyotumika. Ikiwa ni ya jamii ya pentobarbitali (dawa kali ya usingizi), hubaki mwilini, na mbwa wa jirani akiufukua mzoga na kuula naye anaweza kufa. Shimo liwe na kina cha mita moja au zaidi, na juu yake panga mawe mazito.